Mzazi anapougua sana: njia nne za kujitolea kwa watoto wake, na namna ya kuchagua

Mara ya kwanza kwenda kujitolea niliongozana na muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa aliyezidiwa, hadi Mbagala, Dar es Salaam, chumba na sebule, mama yuko kitandani na saratani ya mlango wa kizazi. Binti yake wa miaka 11 alitufungulia, akatuamkia, kisha akarudi kwenye kazi tuliyomkuta nayo: alikuwa anapima morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Dawa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne, saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, halafu ya saa 4 usiku huwa maradufu ili mgonjwa apitilize hadi alfajiri. Binti aliyajua hayo kuliko mimi. Ukutani kando ya kitanda alikuwa amechora vijistari vya penseli, kila dozi mstari wake, na kila siku mpya ilianzia chini ya ile ya jana.

Dozi ya saa 4 asubuhi ndiyo iliyokuwa ikimponza. Alikuwa anatoka shuleni mbio wakati wa mapumziko, anampa mama dawa, anarudi kipindi kimeshaanza, anachapwa. Hakuwahi kumwambia mwalimu.

Majirani hawakuwa wabaya. Walikuja, walileta uji, waliacha elfu tano chini ya mto. Mgonjwa haulizwi uji, na kweli pale uji haukukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa kumuuliza binti yeye ameamkaje.

Tangu hapo nimefanya kazi hii kwa namna nne tofauti, na kila mara watu huniuliza waanzie wapi. Sina njia moja ya kumpa kila mtu. Nimeona mama mmoja hodari mno kwenye kikundi cha watoto akashindwa kabisa kukaa peke yake na mtoto anayelia, na kijana mkimya asiyejua kuimba hata wimbo mmoja akawa rafiki wa maisha wa mvulana aliyekuwa hataki kusema na mtu. Kwa hiyo nazipanga hapa kwa vigezo vilevile, uone wewe uko wapi.

Vigezo nilivyotumia

Muda ndio wa kwanza, na simaanishi saa za wiki peke yake. Jiulize utadumu miezi mingapi. Mtoto ambaye mzazi wake anaondoka polepole huwa macho sana kwa kila mtu mwingine anayeondoka. Ukija mara tatu ukapotea, umemwongezea msiba.

Cha pili ni kile mtoto anachopata kwa kweli. Cha tatu ni gharama, ya mfuko na ya moyo. Cha nne ni mipaka na usalama wa mtoto. Cha tano, njia hiyo inamfaa mtu wa namna gani.

Jambo moja ni la lazima kwa zote nne: usiingie kwenye nyumba yenye mgonjwa kwa ridhaa yako mwenyewe tu. Pitia kwa timu ya tiba shufaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jumuiya, msikiti, au ofisi ya serikali ya mtaa, na afisa ustawi wa jamii wa kata ajue upo. Aliye Kenya atapitia kwa mhudumu wa afya ya jamii au ofisi ya watoto. Utaratibu huu humlinda mtoto kwanza, na wewe pia.

Njia ya kwanza: kumtembelea mtoto mmoja nyumbani kwao

*Muda.* Saa mbili kwa wiki zinatosha, ila siku iwe ileile. Ukisema Jumatano, iwe Jumatano hata mvua inyeshe. Kama huoni mwaka mzima mbele yako, chagua njia nyingine bila aibu.

*Anachopata mtoto.* Anapata mtu wake. Wageni wote wa nyumba ile ni wageni wa mgonjwa. Wewe umekuja kwa ajili yake, mnafanya hesabu za shule, mnacheza bao, mnatembea hadi gengeni kununua nyanya. Mazungumzo makubwa huja wakati mikono ina kazi, mara nyingi mkiwa mnachambua mchele au mnafua soksi, na huja kwa sentensi moja inayopita haraka.

Kwa ninavyoona, watoto karibu wote wana maswali matatu wanayoyaficha. Ni mimi niliyemsababishia mama ugonjwa? Na mimi nitaupata? Akifa, nani atanitunza? La kwanza huwashangaza watu wazima, lakini mtoto mdogo huunganisha mambo kwa namna yake: nilimkasirisha, kesho yake akaanguka. Mtoto chini ya miaka mitano hivi haelewi kwamba kifo hakina kurudi; akifika tisa au kumi wengi huelewa kabisa. Kwa hiyo jibu moja haliwezi kuwafaa ndugu wote wa nyumba moja.

Nilimjua mvulana wa miaka 6 aliyeambiwa baba amesafiri. Ilikuwa huruma iliyosema vile, wala si uongo wa ubaya. Basi kila jioni alikwenda kukaa kituo cha daladala, akitazama wanaoshuka. Karibu mwezi mzima. Bibi yake alipomweleza ukweli, kwa maneno mafupi, na kumpeleka kaburini, alilia sana siku ile na hakwenda tena kituoni.

Hata hivyo, kumwambia mtoto habari za ugonjwa si kazi yako. Kazi yako ni kumsaidia mzazi au mlezi apate maneno, na kumpa nguvu ayaseme yeye. Kama ugonjwa ni VVU, siri hiyo ni ya mzazi, na haitoki kinywani mwako hata kwa shangazi.

*Gharama.* Nauli, daftari la hapa na pale. Ya moyo ni kubwa kuliko njia zote nne, maana utampenda mtoto huyo na utakuwa karibu siku mzazi atakapofariki.

*Mipaka.* Kaeni barazani au sebuleni mlango ukiwa wazi, mtu mzima wa nyumba ajue mlipo. Usitoe pesa kwa siri. Usiseme "mama atapona" kama hujui. Picha ya mtoto isiingie kwenye stetasi yako.

*Inamfaa* mtu mtulivu, asiyeogopa kimya, mwenye ratiba isiyoyumba. Aliyefiwa hivi karibuni na mzazi wake mwenyewe namshauri asubiri kwanza. Jeraha bichi huwa linatafuta kuliwazwa, na mtoto atakuwa wa kwanza kugundua, aanze kukuuguza na wewe.

Njia ya pili: kikundi cha watoto cha Jumamosi

*Muda.* Nusu siku, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Mkiwa watu wazima wanne au watano mnapeana zamu, mmoja akiumwa kikundi hakifi.

*Anachopata mtoto.* Anagundua hayuko peke yake. Nimemwona msichana wa darasa la sita akimsikiliza mwenzake akisema, "Mimi huwa sipendi kurudi nyumbani kwa sababu sijui nitakuta nini," na akageuka kunitazama kana kwamba kuna mtu amemsomea kifua. Mtu mzima hawezi kumpa kitu hicho, hata awe na mafunzo gani.

Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, unajua habari hii kuliko wengi. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, mradi wa Humuliza ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwasaidia walimu na walezi kusikiliza huzuni za watoto, na kutokana nao vijana yatima wakaunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara. Walikutana, waliweka akiba, walisaidiana kazi, walizikana. Ninachokichukua kutoka kwao ni kwamba kikundi kizuri huwapa watoto madaraka. Wakipewa soda na kuimbiwa tu, watakuja kwa sababu ya soda.

*Gharama.* Chakula ndicho kinachokula pesa, maana wapo watakaokuja hawajala tangu jana jioni. Kalamu za rangi, mpira na kamba ya kuruka si kitu. Moyo hauchoki sana, kwa kuwa mnaubeba wengi na mnaweza kuzungumza wenyewe watoto wakishaondoka.

*Mipaka.* Jina la kikundi lina uzito. Mkikiita cha "watoto wa wagonjwa", mmewabandika lebo mtaani. Pale kwetu tulikiita kwa jina la mti uliopo uwanjani, na tuliwakaribisha watoto wengine wa mtaa kwenye mpira, ili anayekuja asionekane kwamba kwao kuna jambo. Udhaifu mkubwa ni kwamba mtoto anayeuguza hasa, kama yule wa penseli, hawezi kuondoka nyumbani Jumamosi. Kikundi huwapata wenye nafuu.

*Inamfaa* mchangamfu, mwalimu, kijana wa chuo, mwanakwaya, mtu wa michezo. Na anayeanza, kwa sababu utajifunza kwa kuwatazama wenzako.

Njia ya tatu: kumpokea mtoto kazi za nyumbani

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na watu huidharau kwa sababu inaonekana si kujitolea bali ujirani wa kawaida.

*Muda.* Zamu. Kazi ya saa nzima asubuhi, au ya saa mbili nzima jioni, siku mnazogawana. Inahitaji watu watano au sita wanaokaa karibu. Ukitoka Tegeta, upande wa pili wa jiji, kwenda Mbagala kuchota maji utachoka kabla ya mwezi.

*Anachopata mtoto.* Anapata usingizi, shule na kucheza. Hesabu siku ya mtoto anayeuguza: kuamka saa 11, maji ndoo mbili za lita 20, kuwasha jiko la mkaa, uji wa mgonjwa, kumvalisha mdogo wake sare, dawa, kufua shuka, na bado hajafungua daftari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kazi inayomnyima afya, elimu au makuzi. Mama yule hakuwa amemwajiri mwanawe. Alikuwa amelala, hawezi kuinuka. Sheria itamfikia mtoto wa namna hii kwa kupitia jirani anayebeba ndoo.

Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali haina ada, lakini sare, madaftari na michango bado vipo, na ugonjwa hula pesa hizo kwanza. Kwa hiyo zamu zetu zilikuwa pia na mtu wa kwenda shuleni, kwa ruhusa ya mama, kuongea na mwalimu wa darasa. Mwalimu aliyemchapa binti yule alikaa kimya muda mrefu tulipomweleza. Kisha akauliza nyumba iko wapi.

*Gharama.* Mwili zaidi ya moyo. Sabuni, mkaa, mboga.

*Mipaka.* Usimpokonye kila kitu. Watoto hawa wana fahari kwa wanachoweza, na kumpa mzazi wake maji ya kunywa ni upendo anaohitaji kuutoa. Muulize ni kazi gani angependa kuachiwa na ipi angependa ichukuliwe. Kugeuza mgonjwa, kufunga vidonda na kutoa dawa ni mambo ya kufundishwa na muuguzi kwanza. Kuogesha mwili wa mzazi, hasa mama kwa mtoto wa kiume au baba kwa mtoto wa kike, ni jambo la kwanza kumpokea.

*Inamfaa* jirani, kikundi cha vikoba, jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa msikitini, na mwanamume anayesema hajui kuongea na watoto. Kubeba maji hakuhitaji maneno.

Kwa binti wa Mbagala, mama wa nyumba ya tatu alifundishwa na muuguzi akachukua dozi ya saa 4 asubuhi. Siku ya kwanza binti alisita kuondoka. Alimwonyesha kipimo mara mbili, akamwonyesha ukutani mahali pa kuchora, kisha akampa penseli.

Njia ya nne: kukaa upande wa mzazi, hospitalini

*Muda.* Unaweza kujitolea kwa kipindi, kwa mfano miezi mitatu, na ukaondoka salama. Hata saa ya chakula cha mchana inatosha kwa anayefanya kazi mjini.

*Anachopata mtoto.* Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, na tiba ya mionzi huenda siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mama wa Kigoma au Lindi anakaa huko muda wote huo na wanawe wako kwa bibi. Mtoto anabaki na kimya. Mtu anayemsaidia mama kuweka vocha, kutafuta saa ambayo bibi ana mtandao na kupanga cha kusema, amemsaidia mtoto ambaye hatamwona kamwe.

Liko pia jambo la kumbukumbu. Miaka ya 1990 wanawake wa Uganda waliokuwa wakiishi na VVU, kupitia chama chao cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wetu, nilipozaliwa, siku uliyozaliwa wewe, baba yako alikuwa mtu gani, ninaumwa nini, nani nimemwomba akulee. Daftari la kawaida linatosha. Simu nayo inarekodi. Mama mmoja niliyemwandikia alikataa mambo ya ukoo siku ya kwanza. Alitaka kwanza kumrekodia binti mkubwa namna ya kumsuka mdogo wake bila kumliza, aanzie wapi kuchana, na wimbo gani amwimbie. Dakika saba. Alicheka mara mbili katikati.

Sehemu kavu nayo ni ya muhimu: vyeti vya kuzaliwa. Wengi hukumbuka baada ya msiba, mashahidi wametawanyika. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndiyo inayovitoa, na ndiyo pia inayosaidia kuandika na kuhifadhi wosia.

*Gharama.* Vocha, daftari, nauli ya mjini. Kwa moyo si haba: utakaa na mtu anayeaga wanawe kwa kalamu yako.

*Mipaka.* Andika anachosema yeye, si unachoona kingependeza. Usiharakishe, mwingine akianza kuandika huhisi ameambiwa anakufa, na ana haki ya kukataa. Katika wosia usiwe shahidi wala mrithi, waachie wenye kazi hiyo. Ingia wodini kwa utaratibu wa ustawi wa jamii wa hospitali.

*Inamfaa* msikilizaji, mwenye mwandiko unaosomeka, anayejua lugha ya mgonjwa (mtu wa Kiha au Kimakonde ni hazina wodini), na asiyeweza kuahidi mwaka mzima.

Kwa hali yako

Una muda mchache lakini wa uhakika, miaka miwili ijayo huhami: mtembelee mtoto mmoja. Una nguvu nyingi leo na hujui mwakani utakuwa wapi, kwa mfano mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: kikundi, au upande wa mzazi.

Mgonjwa ni jirani yako. Basi usitafute chama cha kujiunga nacho, anza na ndoo, na waite wengine wawili mgawane siku. Ukiona baadaye kwamba mtoto anakungoja wewe kuliko ndoo, umeshaingia njia ya kwanza bila kujua, na sasa panga siku maalumu.

Kama wewe ni mwalimu, una nafasi ambayo sisi wengine hatuna. Mtoto anayesinzia, anayechelewa saa ileile kila siku, anayenuka moshi wa mkaa, mwite pembeni umuulize nani anaumwa nyumbani.

Uko Muscat, London au mji mwingine tu, na anayeumwa ni dada yako: tuma pesa ya kumlipa jirani asaidie kazi, kisha piga simu kwa mtoto mwenyewe, siku moja ya wiki isiyobadilika, uzungumze naye mambo yake ya shule kabla hujauliza hali ya mama.

Ukikuta mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au anaguswa vibaya na yeyote katika nyumba hiyo, hapo si jambo la kujitolea tena. Piga 116, ni bure Tanzania na Kenya pia, na mwone afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Na kama mzazi ameshafariki, usihesabu kazi imekwisha. Wiki ya tanga nyumba hujaa watu, mpaka mtoto anakosa pa kukaa. Baada ya arobaini viti vya turubai vimerudishwa, shangazi amepanda basi, na ndugu wanajadili nani amchukue nani. Weka alama kwenye kalenda yako wiki hiyo, na uende siku yako ya kawaida, saa ileile uliyokuwa ukienda.